Tela la Baba na Jiwe la Bibi

Mpaka leo nikisikia chuma kinagonga chuma barabarani, ule mlio wa tela tupu likipita kwenye matuta, nageuka kabla sijafikiri. Nipo kidato cha nne sasa, nakaa bweni hapa Musoma, na wenzangu wameshanizoea. "Anaangalia ndugu zake wamepita," wanasema, gari la mizigo likipita nje ya uzio. Sijibugi. Mimi siyo mtu wa kujibu. Hata darasani nikiulizwa kitu ninachokijua, mpaka jibu lifike mdomoni mwalimu ameshaita mwingine. Kuandika ndiyo nawezaga, kwa sababu karatasi haikuangalii usoni.

Baba alikuwaga na pikapu ya nusu tani, ya bluu, iliyoliwa na jua mpaka juu ya kebini ikawa kama imepakwa majivu. Hiyo nusu tani ni maneno ya waliotengeneza gari. Kwa watu wa Bunda gari linajaa pale bodi inapokaribia kukaa juu ya matairi, na hata hapo atatokea mtu aseme, "Ongeza na hiki kiroba, hiki hakina uzito." Ndiyo maana baba akaenda kwa fundi wa kuchomelea akatengenezewa tela. Ekseli ilitoka kwenye gari dogo lililokufa. Mbao za ubavuni zilikuwa za mtumbwi mkuukuu alioupata Mwigobero, kule mwaloni Musoma, mitumbwi ya samaki inapotia nanga, na siku za mvua tela letu lilinuka dagaa hata kama limebeba viti vya harusi.

Na lilibeba kila kitu. Magunia ya mahindi, mitumbwi mipya ikipelekwa ziwani, spika za kwaya, na kuna siku lilibeba kitanda chenye mgonjwa wa malaria aliyekataa kukaa mbele kwa sababu anatapika. Likizo zote nilikuwa nakaa mbele, katikati, gia ikiwa kati ya magoti yangu. Baba akitaka kuingiza gia ya pili ananigonga goti kwanza, kama anayepiga hodi.

Kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba kwenda mbele na tela kila mtu anaweza. Kazi ni kurudi nyuma. Ukikata usukani kulia, tela linaenda kushoto. Ukilifuata kushoto, linajikunja kama mbuzi aliyekataa kamba. Na mahali pabaya kuliko pote pa kurudi nyuma ni Mwigobero, kwa sababu pale kila mtu ni dereva. Wanawake wanaoanika dagaa, vijana wa mitumbwi, hata mama wa chai.

"Kata kulia, mzee!"

"Kulia ya nani? Kulia yako wewe uliyesimama au kulia yake yeye aliyekaa?"

"Dereva, lifungue tu ulisukume kwa mikono, hilo limekushinda!"

Baba anatoa kichwa dirishani anacheka. "Nani kasema limenishinda? Tunaongea tu, hatujaelewana." Mimi nilikuwa nateleza kwenye kiti mpaka nisionekane. Siku moja kijana mmoja akachungulia dirishani akasema, "Kumbe kuna binti humu! Mzee, mpe usukani huyo, labda tela linamwogopa." Watu wakacheka mpaka upande wa pili wa soko. Niliiva masikio. Lakini sasa hivi, nikiwa hapa bwenini karibu kabisa na hapo Mwigobero, Jumamosi tukiruhusiwa kwenda sokoni naendaga kusimama palepale. Watu bado wanapiga kelele kata kulia, kata kushoto. Sema siyo kwa baba.

Nikumbuke na Krismasi. Kila Krismasi tulikuwa tunaenda Butiama kwa bibi, mama yake baba, na nyumba yake ilikuwa ndogo kuliko ukoo. Sasa kuna mwaka baba aliona Wazungu pale Bunda, wanaelekea mbugani, pikapu yao kubwa inavuta kijumba kidogo chenye dirisha na pazia. Waliposimama kununua maji, baba akakizunguka kile kijumba kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Akainama chini, akatazama springi. Akawauliza kwa Kiingereza chake kama wanapikia humo. Wanapikia. Wanalala humo? Wanalala. Akarudi kwenye gari akasema, "Watu wazima, wana kwao, na wanalala kwenye tela kwa kupenda."

Krismasi hiyohiyo alipinda nondo akaweka turubai juu ya tela letu, akatandika magodoro, na watoto wote tukalala humo, uani kwa bibi. Tulilala kama dagaa na tulinuka kama dagaa. Asubuhi bibi alikuja kugonga mbao.

"Hodi humu! Wenye mji mmeamkaje?"

"Shikamoo bibi!" tukajibu wote kutoka ndani.

"Marahaba. Nyumba yenu nzuri, ila ina magurudumu. Mwanamke wa nyumba hii akikasirika anaondoka na nyumba yake."

Nilikuwa darasa la tano. Kila mwaka baada ya hapo tulikuwa tunagombania nani alale upande wa mbele.

Halafu babu akafariki, nikiwa kidato cha kwanza, na bibi akabaki peke yake kwenye ule mji. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeanza kukataa. Baba mdogo, mdogo wake baba, anaishi hukohuko Butiama, lakini kazi zake ni za kwenda na kurudi, na siku moja alimkuta bibi amekaa chini karibu na ndoo, amekaa tu, anasema anapumzika. Alikuwa ameanguka tangu asubuhi. Baba aliposikia hakula. Akaanza kwenda kumbembeleza kila akipata safari ya upande ule, aje kwetu Bunda, Nyasura, chumba kipo. Bibi alikuwa anamsikiliza mpaka mwisho, halafu anamwuliza mahindi ya Nyasura yamefikia wapi.

Alikubali nikiwa kidato cha pili, likizo ya mwezi wa sita. Ila alikubali kwa namna yake. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda nachambua ulezi, na nilimsikia.

"Nitakuja," alimwambia baba. "Lakini sikia. Mwanamke hahami peke yake, anahama na vitu vyake. Vikikubali kufika, nitakaa. Vikigoma njiani, narudi navyo, na usije kuniambia tena."

"Vitagomaje, mama? Vitu vinagoma?"

"Wewe una tela, utajua."

Tangu siku ile ya ndoo baba alikuwa anatafuta neno "nitakuja", na sasa amepewa likiwa limefungwa kamba.

Siku ya kuhama tulianza na sala, baba mdogo aliomba kwa haraka maana chai ilikuwa inapoa. Kisha tukapakia. Na hapa lazima nieleze, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Baba alikuwa amenifundisha mara nyingi kwamba kwenye tela mzigo mzito unakaa mbele, karibu na gari, mzigo mwepesi nyuma. Ukifanya kinyume, mkia wa tela unavuta chini, kichwa chake kinanyanyua tako la pikapu, na ukishika mwendo tela linaanza kucheza huku na huku kama mkia wa samaki. Baba alikuwa hapangi mzigo mwingine wowote bila kulikumbuka hilo.

Lakini bibi ana jiwe. Jiwe la kusagia, la kwake tangu alipoolewa, limelika katikati mpaka limekuwa kama kitanda cha mtoto. Wanaume wawili wanalibeba kwa kuguna. Na bibi kwake hili halina mjadala: mwanamke akihama, jiwe lake linatoka ndani mwisho kabisa, baada ya kila kitu, na huko aendako linaingia kwanza, kabla ya kila kitu. Nyumba hailali bila jiwe, wala jiwe halilali nje. Na ulezi wake haliachani nao. Magunia yanakwenda ubavuni mwake.

Kwa hiyo vilitoka kwanza magodoro, viti, vikapu, mabati mawili, matenga ya kuku matupu, sufuria. Vyote vyepesi, vyote vikakaa mbele, maana ndivyo vilivyotangulia. Mwisho yakaja magunia ya ulezi, na mwisho wa mwisho jiwe, likakaa nyuma kabisa, pembeni mwa mlango wa tela, tayari kushuka kwanza. Kwa mila ilikuwa sawasawa. Kwa tela ilikuwa kinyume na kila kitu.

Baba mdogo aliona. "Kaka," akasema kwa sauti ya chini, "angalia pikapu yako, imesimama kama kuku anayekunywa maji."

Ilikuwa kweli. Tako limeinuka, pua chini. Baba akatazama pikapu, akatazama jiwe, akamtazama mama yake aliyekuwa anafunga mlango wa nyumba yake kwa kufuli na kulijaribu, akalijaribu tena.

"Tutaenda polepole," baba akasema.

"Mwambie."

"Mwambie wewe."

Baba mdogo akapanda kwenye bodi ya pikapu, kati ya mihogo, jogoo na mitetea waliofungwa miguu. Hakuna aliyemwambia.

Mpaka tunakaribia Nyamuswa mambo yalikuwa mazuri. Bibi alikaa dirishani, mimi katikati. Alikuwa anapunga mkono kwa kila mtu, hata asiowajua. Halafu ukaja mteremko. Nilianza kusikia kitu kwenye kiti, kama mtu anatubembeza, kushoto, kulia, kushoto. Kwenye kioo niliona tela linachungulia upande huu, linapotea, linachungulia upande ule. Bodaboda aliyekuwa nyuma yetu alipiga honi akakimbilia pembeni kabisa, na baba mdogo kule bodini akaanza kugonga paa la kebini kwa ngumi, gum gum gum, kama hatujui.

Baba hakukanyaga breki kwa nguvu. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani wima, akawa ananong'ona, "Tulia, tulia, tulia," sijui anaambia tela au sisi. Bibi alinishika mkono. Tulipofika chini mwendo ulikuwa umekufa, lakini mkia wa tela ulichepuka mara ya mwisho, na tairi moja ikaingia mtaroni. Tukasimama. Sufuria moja ilibingirika peke yake barabarani mbele yetu, ikazunguka, ikalala.

Hakuna aliyeumia. Hakuna hata kilichovunjika. Lakini bibi alifungua mlango, akashuka kwa mguu wake mzima, akaenda kukaa kwenye majani kando ya barabara, kanga amejifunika mabega.

"Vimegoma," akasema.

Nilikuwa nimeshapanga, chumba chake ni kile tutakacholala wote wawili. Nilikuwa nimehamisha vitabu vyangu.

Watu walishaanza kukusanyika. Wapita njia wa Nyamuswa hawapitagi. Mmoja mwenye baiskeli akasema, "Mzee, hili ulipanga ukiwa umelala?" Mwingine akamwambia, "Nyamaza wewe, huoni kuna mama mtu mzima amekaa?" Baba mdogo alikuwa anamfukuza jogoo aliyekata kamba.

Baba akaenda akachuchumaa mbele ya mama yake. Sijawahi kumwona baba akichuchumaa hivyo, kama mtoto anayeomba ruhusa.

"Mama, havijagoma. Mimi ndiye nilipanga vibaya. Kizito kinatakiwa kukaa mbele."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu nyumbani?"

"Tangu nyumbani."

"Na hukusema."

"Ningekuambiaje, mama? Ni jiwe lako."

"Kwa hiyo ulikuwa tayari kuniua kwa adabu," bibi akasema.

Yule wa baiskeli alicheka, akajikamata mdomo. Baba naye nikaona mabega yanatikisika, sikujua kama anacheka au analia, nadhani vyote. Lakini bibi hakucheka.

"Haya, lipeleke mbele," baba akainuka akamwambia baba mdogo. Bibi akainua kidole. "Likikaa mbele ya tela litashuka mwisho. Hapana. Bora nirudi Butiama na jiwe langu nikaanguke huko."

Tatizo lilikuwa wazi kwa kila mtu pale, mpaka kwa wapita njia: likae mbele lisitupe mtaroni, na bado lishuke kwanza. Wakaanza kutoa ushauri. Mmoja alisema likae kwenye bodi ya pikapu. Bodi imejaa mihogo na kuku, na jiwe likizibwa na hivyo litashukaje kwanza? Mwingine alisema jiwe likodiwe bodaboda. Bibi alimwangalia yule mpaka akaondoka.

Halafu bibi akageuka akaitazama kebini. Mlango ulikuwa wazi. Akatazama kiti chake, akatazama kiti changu cha katikati. Akanitazama mimi.

"Wewe mjukuu wangu," akasema, "una haraka ya kufika?"

"Hapana, bibi."

"Basi shuka."

Ndivyo jiwe lilivyopata kiti changu. Wanaume wanne wa Nyamuswa waliliinua na kulikalisha katikati, bibi akalizungushia kanga, baba akalifunga mkanda wa gari ambao mimi sikuwahi kufungwa. Magunia ya ulezi, kwa ruhusa ya bibi ya siku hiyo tu, yalihamia mbele ya tela, magodoro yakaenda nyuma, watu wakasukuma, tairi ikatoka mtaroni. Bibi alipanda, akaweka mkono wake juu ya jiwe kama alivyokuwa ameuweka kwangu. "Sasa twende," akamwambia baba. "Na ukijua kitu, sema."

Mimi nilipanda bodini na baba mdogo, mihogo, na kuku. Tela lilitufuata limenyooka kama mwanafunzi mpya. Nilitazama barabara inavyorudi nyuma, upepo unaingia machoni, na nilikuwa na furaha mpaka tulipofika Bunda mjini, stendi, ambapo wasichana watatu wa darasa langu walikuwa wamesimama wananunua karanga.

"Weee! Ni yeye! Umeolewa au umehama?"

"Anapelekwa na mahari yake, kuku wote hao!"

Nilitaka kujifunika gunia. Baba mdogo akawajibu, "Mahari bado, hizi ni salamu tu!" Wakacheka, mmoja akanirushia karanga, nikazidaka. Sijui kwa nini nilizidaka. Nilizila njia nzima mpaka Nyasura.

Pale nyumbani mama alikuwa ameshafagia jiko la nje mpaka udongo unang'aa. Baba akarudisha tela nyuma kwenye kichochoro chetu, na majirani wote wakawa madereva, kata kulia, kata kushoto, lakini safari hii niliinua mkono kule bodini nikamwelekeza mimi, kwa ishara tu, bila sauti, na baba alikuwa ananitazama mimi kwenye kioo. Liliingia bila kugusa ukuta. Bibi alikataa kushuka mpaka jiwe lishuke. Likabebwa, likaingizwa jikoni, ndipo akashuka, akaingia, akaliona limekaa, akamwambia mama, "Haya mkwe wangu, sasa nimefika. Nipe maji." Jirani akapiga kigelegele.

Lakini alikuwa hajafika kabisa. Kila asubuhi kwa muda mrefu, baada ya shikamoo, swali lake la kwanza kwa baba lilikuwa, "Tela lina upepo?" Baba anajibu lina. Akiona tairi imelegea kidogo anamwita, na baba anatoka na pampu ya mguu. Wote tulijua kwamba tela likiwa na upepo Butiama iko karibu. Pikapu ilipokufa gia na baba akaiuza, akaenda kufanya kazi ya kuendesha gari la watu, alikuja mtu akalitaka na tela. Bibi akatoka jikoni mikono imejaa unga wa ulezi. "Nikitaka kurudi kwangu nitajibeba kichwani?" Mtu akaondoka. Tela likabaki nyuma ya nyumba, halina wa kulivuta, na baba akaendelea kulijaza upepo. Nikija likizo namkuta anapiga pampu, tela lisiloenda popote, na nilikuwa nikimwonea huruma kuliko nilivyoweza kumwambia.

Mwezi uliopita nilienda nyumbani kwa likizo fupi. Niliteremka stendi, nikatembea mpaka Nyasura, na kabla ya kuingia ndani nikazunguka nyuma, kama ninavyofanyaga, kuligusa tela. Matairi yalikuwa yamelala chini kabisa, yamejikunja kama soksi. Ndani ya tela, kati ya zile mbao za mtumbwi, kumejaa udongo mweusi na samadi, na mchicha umeota mistari minne, mnene, wa kijani mpaka unataka kuushika.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda anamwagilia kwa kopo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umeona shamba langu?"

"Nimeona." Nikasimama. Nilitaka kuuliza vizuri, kwa maneno, kama ninavyoandika hapa, lakini yalitoka haya tu. "Bibi, matairi hayana upepo."

Akaendelea kumwagilia, hakuinua uso.

"Upepo wa nini?" akasema. "Mchicha unaenda wapi?"